Jembe lisiwe adhabu: namna ya kuanzisha klabu ya bustani baada ya masomo, Nyanda za Juu Kusini

Kamwene. Naandika nikiwa Iringa. Nimestaafu ualimu lakini sijaachana na watoto. Siku mbili kwa wiki, kengele ya mwisho ikishalia, nabaki na wanafunzi wa shule ya msingi: tunasoma, tunahesabu, tunalima. Wengi wao wanatoka nyumba ambazo jioni hakuna mtu wa kuwauliza leo wamejifunza nini. Mama yuko kibaruani kwenye chai au viazi vya watu, au mtoto analelewa na bibi ambaye naye anahitaji kuangaliwa. Wenzangu wa Mbeya, Njombe na Mafinga wamekuwa wakiniuliza tunaanzaje. Huu ndio utaratibu wetu, pamoja na tuliyojifunza kwa kukosea.

Kuna jambo moja nataka lieleweke kabla hujashika kamba wala koleo. Kwenye shule zetu nyingi jembe limekuwa fimbo ya pili. Umechelewa namba, unalima. Umepiga kelele darasani, unalima. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shamba la shule liwe mahali pa kujifunzia, lakini mtoto aliyelimishwa kwa kosa hasahau, na ukimwambia baadaye kwamba kilimo ni elimu anakutazama tu. Kwa hiyo sharti la kwanza la klabu, ambalo mwalimu mkuu na walimu wa zamu wote walikubali mbele yangu, ni hili: hakuna mtoto atakayepelekwa kwenye bustani ile kwa adhabu. Hata siku moja. Usipolipata sharti hilo, usianze.

Hatua ya kwanza: zungumza na watu, kwa mpangilio wao

Anza na mwalimu mkuu, halafu kamati ya shule, halafu wazazi kwenye kikao chao cha kawaida. Mtendaji wa kijiji au wa mtaa apate taarifa. Afisa ugani wa kata umtembelee mapema, kwa sababu ndiye anayeijua ardhi ya pale, na wengi wao hufurahi kuitwa na watoto.

Omba vitu vitatu. Kipande kidogo cha ardhi karibu na maji na karibu na macho ya watu (nyuma ya vyoo hapafai). Ruhusa ya kutumia darasa moja mvua ikinyesha. La tatu ndilo zito: makubaliano ya nani anakula mavuno, yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Nasisitiza hilo la tatu kwa sababu liliniuma. Shule moja niliyoanza nayo, chainizi zetu za kwanza zilitoka nzuri, majani mapana kama sinia. Jumatatu tulipofika tukakuta vishina tu. Zilikuwa zimeingia kwenye vikapu vya watu wazima Jumamosi. Msichana wa darasa la tatu akaniuliza, "Bibi, kwani zilikuwa za nani?" Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimeliweka popote. Wiki iliyofuata watoto saba hawakurudi. Tangu siku hiyo muhtasari wetu una mstari mmoja unaosema mavuno ya klabu ni ya watoto wa klabu: kwanza yaliwe palepale, kinachobaki kibebwe nyumbani.

Hatua ya pili: wapate watoto bila kuwaita maskini

Usisimame mstarini ukasema "wenye hali ngumu wabaki". Mtoto anajua hali ya kwao, hahitaji kutangaziwa. Kaa na walimu wa madarasa faraghani, wakutajie wale wanaosinzia saa nne, wanaokosa Ijumaa kwa sababu ni siku ya mnada, walio nyuma kwenye kusoma. Hao wapate nafasi kwanza. Kisha fungua nafasi chache kwa yeyote anayetaka. Klabu ikichanganyika, hakuna anayeweza kuicheka.

Sisi tunachukua watoto 24, darasa la tatu hadi la tano. La saba wana mtihani wao Septemba na hawatulii. La nne nao wana upimaji mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo kuanzia Septemba wao tunawapunguzia jembe, tunawaongezea daftari. Watoto 24 ni makundi sita ya watoto wanne, wavulana kwa wasichana, wakubwa kwa wadogo. Watu wazima wawe wawili kila siku, wasipungue, na mzazi au mlezi wa kila mtoto awe amekubali.

Usichangishe chochote. Hii si twisheni. Na usiseme "kila mtu aje na jembe kutoka nyumbani". Kuna nyumba zenye jembe moja, na saa hizo liko shambani na mama. Mtoto wa nyumba hiyo hatakwambia, ataacha kuja tu. Tafuta vifaa vyenu: majembe madogo sita ya mpini mfupi, reki mbili, koleo moja, ndoo sita, na makopo yaliyotobolewa misumari chini kuwa keni za kumwagilia. Panga zibaki kwa watu wazima. Viatu vya mpira vya mtumba tulivitafuta kwa muda mrefu na nashukuru tulivipata, maana udongo wenye unyevu una minyoo ya safura inayopenya kwenye ngozi ya mguu, na kuchomwa na msumari uliolala kwenye udongo kunaweza kuleta pepopunda.

Hatua ya tatu: soma mvua, soma kalenda ya shule

Hapa ndipo wengi hukwama. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Shule zinafungwa Desemba, na tena Juni. Ukipanda Novemba kwa furaha ya mvua ya kwanza, mboga zinakomaa wakati watoto hawapo. Sisi tunafanya hivi: Oktoba tunarundika mboji na kuweka uzio wa kuzuia mbuzi na kuku, Novemba tunapima na kuinua matuta, Desemba mboji inaiva peke yake, na wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa Januari tunasia mbegu.

Mboji haihitaji fedha. Chini weka vijiti ili hewa ipite, juu majani makavu na mabua ya mahindi, kisha majani mabichi, kisha samadi, kisha udongo kidogo na majivu kiasi. Rudia hadi rundo lifike kiunoni mwa mtoto. Lowanisha, funika kwa nyasi, ligeuze kila baada ya wiki mbili au tatu. Chomeka kijiti kirefu katikati. Watoto wangu hukichomoa kila wanapokuja na kukishika: kikiwa cha moto, rundo linafanya kazi, kikiwa baridi na kikavu, lina kiu. Ndani ya miezi mitatu unapata udongo mweusi unaonukia msitu. Samadi mbichi usiipeleke kwenye mboga kamwe, inaunguza miche na ina vijidudu.

Usinakili tarehe zangu kama zilivyo. Tukuyu kunanyesha karibu mwaka mzima, matuta yainuliwe juu na mifereji iwe wazi, la sivyo mizizi inaoza. Ismani na Usangu kukavu na jua ni kali. Huko wakati wa kiangazi tengeneza tuta la kuzama ili maji yasikimbie, na tandaza nyasi nene. Makete, Njombe na Mufindi, Juni na Julai jalidi, yaani umande unaoganda, inashuka usiku na asubuhi majani yanakuwa meusi kama yamechemshwa. Maharage hayavumilii hata kidogo. Sukuma wiki inajitahidi. Udongo mwekundu wa Iringa na Njombe mara nyingi una tindikali, ndiyo maana sikosi majivu kwenye mboji. Wa Rungwe, wenye udongo wa volkano, mmebarikiwa tayari.

Hatua ya nne: acha watoto wapime wenyewe

Matuta tunayafanya upana wa mita moja, urefu wa mita tatu, yainuke sentimita 15 hadi 20, na njia ya sentimita 60 kati ya tuta na tuta. Upana huo si wa kubahatisha. Mtoto wa miaka tisa akichuchumaa pembeni anafika katikati bila kukanyaga, na mwenzake anafika kutoka upande wa pili.

Mwaka wa kwanza nilipima mimi nikawaita wachimbe. Nilikosea. Siku hizi nawapa kamba yenye mafundo kila baada ya sentimita kumi, vijiti vinne, na swali moja: mtajuaje kwamba kona zenu zimenyooka? Wanabishana. Kundi moja lilipima urefu pande zote mbili, likaona ni sawa, lakini tuta lilikuwa limepinda kama mlango ulioegama. Mvulana mmoja, ambaye darasani alikuwa hajawahi kunyoosha kidole, akavuta kamba kutoka kona hadi kona, akaenda akavuta na zile nyingine mbili, akasema, "Hii ndefu, hii fupi. Ndiyo maana." Sikumfundisha mimi. Alivisogeza vijiti mpaka kamba zikalingana.

Baada ya hapo maswali yanakuja yenyewe. Eneo la tuta ni mita tatu za mraba, matuta sita ni ngapi? Chainizi zinakaa sentimita 30 kwa 30, mistari mingapi itaingia? Tukitumia ndoo moja ya lita 20 kwa tuta kila jioni ya kiangazi, klabu inahitaji lita ngapi kwa siku? Ni lita 120, na bomba la shule linatoka siku tatu kwa wiki. Hapo ndipo wanapoona wenyewe kwa nini kiangazi tunabaki na matuta mawili tu yanayomwagiliwa.

Hatua ya tano: panda kinachowahi, kisha kinachosubirisha

Mchicha kwanza, kwa ajili ya moyo wa mtoto. Kwenye baridi yetu unachumwa baada ya wiki nne hadi sita, na mtoto aliyekula alichopanda ndani ya mwezi mmoja habanduki. Changanya mbegu na mchanga mkavu maana ni ndogo mno, mimina kwenye mstari, funika kidogo sana. Pembeni sia kitalu cha chainizi na sukuma wiki. Miche ihamishwe jioni ikiwa na majani manne hadi matano: chainizi baada ya wiki tatu au nne, sukuma wiki wiki nne hadi sita, ikaachiwe nafasi ya sentimita 45 kwa 60. Karoti usiiatike, inapandwa moja kwa moja na kupunguzwa hadi sentimita tano, na inachukua miezi mitatu na zaidi. Hiyo ni ya kufundishia subira. Wiki mbili mbegu haijaota na kila siku kuna anayetaka kufukua aone.

Tuta moja liache kwa mboga za bibi. Mwalike mama mzee wa jirani aje aoneshe mnavu, majani ya maboga, na zile ambazo nyumba za siku hizi zimezisahau. Azitaje kwa Kihehe, Kibena, Kinyakyusa au Kisafwa, watoto wazitaje kwa Kiswahili. Mtoto anayelelewa na bibi atajivuna siku hiyo.

Nyanya mwaka wa kwanza ziacheni. Najua zinatamanisha. Lakini mvua ikinyesha na ukungu ukitanda, ugonjwa wa bakajani huzimaliza kwa siku chache, na zikinusurika kuna kantangaze, mdudu anayetoboa majani na matunda. Wenye nyanya huku huishi na bomba la dawa mgongoni, na kwenye bustani ya watoto sumu haiingii. Vidukari kwenye sukuma wiki tunavinyunyizia maji ya sabuni, kijiko cha chai kimoja cha sabuni ya maji kwenye lita moja, au majivu yaliyochekechwa asubuhi majani yakiwa na umande. Mche ukikutwa umekatwa shingoni, fukua taratibu kando ya shina, utamkuta sota, yule funza mkata miche, amejikunja kama pete. Watoto wanashindana kuwasaka, na kuku wa mlinzi wanakula. Msimu unaofuata, palipokuwa na sukuma wiki au chainizi weka maharage, wadudu na magonjwa yakose chakula walichokizoea.

Hatua ya sita: siku yenyewe inavyokwenda

Uji kwanza. Mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila kitu tumboni hawezi kusoma saa tisa mchana, na ukimpa jembe unamwonea. Tunapika uji wa mahindi na ulezi, karanga kidogo, kikombe kimoja kimoja. Kabla ya uji wananawa kwenye kibuyu chirizi: dumu la lita tano limetobolewa tundu dogo, limening'inizwa kwenye mti, kamba inashuka hadi kwenye kijiti cha kukanyagia, sabuni imefungwa pembeni. Ukikanyaga, maji yanachirizika, na hakuna anayeshika dumu kwa mikono michafu. Wananawa tena wakitoka bustanini.

Halafu kusoma, dakika 30, kila kundi na mtu wake. Wasiojua herufi hawatengwi. Wanaandika vibao vya matuta. Kuna binti alikuja darasa la nne hajui kuunganisha silabi. Nikampa kibao na mkaa, nikamwandikia ndani ya daftari neno "mchicha". Alilinakili kibaoni kwa robo saa, ulimi nje, kisha akawa kila akipita pale analigusa kwa kidole: m-chi-cha. Wiki ya tatu akaona "chai" kwenye pakiti, akasimama. "Bibi, hii 'cha' ni ile yangu." Kutoka pale tukaenda "chumvi", "chungu", "kichwa". Sitasema bustani inafundisha kusoma peke yake, kazi ya kukaa na mtoto herufi kwa herufi iko palepale. Ila neno lililoota kwenye tuta lake halimtoki.

Bustani inafuata, dakika 40. Makundi yanabadilishana kazi, palizi, maji, mboji, kupima. Daftari la bustani linakaa klabuni, na kila kundi linaandika sentensi mbili kabla ya kufunga: tumefanya nini, tumeona nini. "Karoti imeota 31. Konokono amekula tatu." Saa kumi na moja kasoro robo tunafunga, hata kama kazi haijaisha, kwa sababu wapo wanaotembea saa nzima. Mvua ikiwa inakuja, mapema zaidi. Watoto wa njia moja waondoke pamoja.

Hatua ya saba: wale, wabebe, wapande kwao

Siku ya mavuno tunapika shuleni, na wavulana wanakatakata sawa na wasichana. Mboga tunazitia karanga za kutwanga, au pembeni tunakata parachichi, maana vitamini A ya majani ya kijani inahitaji mafuta kidogo ili mwili uipokee. Kwa nini nahangaika na hilo? Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 uliikuta Iringa na zaidi ya nusu ya watoto chini ya miaka mitano wakiwa wamedumaa, Njombe karibu sawa, na taifa zima ni asilimia 30. Sisi, tunaolisha nchi mahindi! Mtoto wa darasa la nne umri huo umeshampita. Lakini ndiye anayembeba mdogo wake mgongoni jioni, na mara nyingi ndiye anayewasha moto. Fungu la mchicha analobeba linaingia kwenye chungu cha mtoto wa miaka miwili.

Ndiyo maana klabu isiishie kwenye uzio wa shule. Kabla ya likizo ya Juni kila mtoto anapewa miche mitano ya sukuma wiki na gunia la zamani. Ndani ya gunia unasimamisha kopo lililokatwa kitako na mfuniko, unalijaza mawe, unazungushia udongo uliochanganywa na mboji, unavuta kopo juu, unajaza mawe tena, hadi juu. Nguzo ya mawe ndiyo inayoshusha maji. Miche inapandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni. Maji yaliyooshea mboga yanatosha, na usiku wa jalidi gunia moja ni rahisi kulifunika kwa nyasi kuliko shamba zima. Mama mwenye nyumba ya kupanga, asiye na ardhi hata ya kuzika kitovu, ana mahali pa gunia.

Matuta ya shule wakati wa likizo yagawieni kwa zamu, majina yabandikwe mlangoni kwa mlinzi, na mzazi mmoja awe juu ya zamu. Mwaka tuliosahau hilo tulikuta vumbi.

Desemba, kabla ya kufunga, tunaacha mimea michache ya mchicha ikomae, tunaipukutisha juu ya shuka na kuipeta. Kila mtoto anakunja bahasha ya gazeti, anahesabia humo mbegu zake, anaandika jina lake kwa mkono wake na jina la mboga. Shule ikifunguliwa Januari, kabla hatujagusa tuta lolote, tunakaa chini na kila mmoja anasema zake zimeota ngapi.